Kabla Hujatoga Uume

Sindano yenyewe hupita kwa sekunde mbili tatu. Mwanamume anayewaza kutoga uume hukesha akiiwazia sindano hiyo, na ukweli ni kwamba wengi walioipitia watakwambia maumivu yake ni makali lakini ni mafupi. Yanayostahili kukukosesha usingizi ni mawili: mkono wa mtu atakayeishika, na kimya chako mwenyewe mambo yakienda mrama.

Nimeandika mwongozo huu zaidi kwa sababu ya hilo la pili. Kijana akitoga sikio likavimba, atamwonyesha mama, atamwonyesha rafiki, atasimama dirishani kwa muuza dawa wa mtaani, na kabla jua halijatua atakuwa na ushauri wa watu kumi. Akitoga uume ukavimba, atafunga mlango. Atanunua antibayotiki bila kusema ni za nini, atapaka spiriti, atauma meno. Siku atakayofika hospitali ni ile ambayo mkojo umegoma kutoka. Basi tuyataje mambo kwa majina yake, kama watu wazima.

Na hapa watu wazima ni watu wazima kweli. Aliye chini ya miaka 18 asitogwe uume na mtu yeyote, hata akija na idhini ya mzazi. Mwili wake bado unakua, na uamuzi huu ni wa mtu anayeweza kuujibia mwenyewe. Wales, huko Uingereza, waliliweka jambo hili katika sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2018. Fundi makini hahitaji sheria. Atakuomba kitambulisho, nawe usikasirike akikuomba.

Utasikia hadithi nyingi kuhusu asili ya jambo hili, na nyingine zitatumika kukushawishi. Iliyo kweli ni ya Borneo na visiwa vya Ufilipino. Antonio Pigafetta, aliyesafiri na baharia Magellan, aliandika mwaka 1521 kuhusu wanaume wa huko waliopitisha kijiti cha dhahabu au bati katika kichwa cha uume. Kwa watu wa Borneo desturi hiyo huitwa palang, na ndiko lilikotoka jina la ampalangi linalotumika leo madukani. Hadithi nyingine nyingi zilitungwa Marekani katika miaka ya 1970, wakati Jim Ward alipoanzisha Gauntlet kule Los Angeles, duka lililoifanya kazi hii iwe fani yenye vipimo na usafi wake. Rafiki yake aliyejiita Doug Malloy alisambaza kijitabu kilichodai kwamba Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alivaa pete uumeni ili suruali yake ya kubana ikae vizuri. Hakuna ushahidi. Kijitabu hichohicho kilidai kwamba Waarabu huwatoga vijana wao ngozi ya korodani wanapobalehe, na kuiita hafada. Msomaji wa Unguja, Mombasa au Muscat ana jamaa wa kutosha wa kuwauliza, na hakuna atakayekwambia aliwahi kuona jambo hilo. Usitoge kwa sababu umeambiwa ni mila ya wafalme au ya Waarabu. Toga kwa sababu unataka, na kama sababu hiyo haitoshi, subiri.

Aina ziko nyingi, nami nitakaa kwenye zile zinazoombwa zaidi.

Ile iitwayo Prince Albert ndiyo inayojulikana kuliko zote. Pete huingia kwenye tundu la mkojo na kutokea chini ya kichwa cha uume, pale ngozi inapokutana na shingo yake. Hupona haraka kuliko watu wanavyodhani, wiki 4 hadi 8, kwa kuwa nyama ya hapo ni nyembamba, ina damu nyingi na husafishwa na mkojo wako mwenyewe kila unapokwenda haja ndogo. Lakini ina gharama ya kudumu: mkojo utapata njia ya pili. Wengine hujifunza kuziba tundu la chini kwa kidole, wengine hukaa kila wanapokojoa, maisha yote. Ukiitoa pete baada ya miaka, tundu linaweza lisizibe kabisa. Jambo hili lazima ulikubali kabla, maana fundi hawezi kukurudishia ulichokuwa nacho.

Frenamu hupita katika ngozi ya juujuu tu upande wa chini wa uume, haigusi mrija wa mkojo wala nyama ya ndani. Ni nyepesi kwa anayeanza, na ukiitoa huacha kovu dogo. Kupona kwake ni miezi 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Inahitaji ngozi iliyolegea kidogo. Wengi wetu tumetahiriwa, na tohara nyingine huacha ngozi iliyobana, hasa uume unaposimama. Fundi anatakiwa akupime na akwambie kama ngozi yako inatosha. Akikubali kila mwili unaoingia mlangoni bila kupima, huyo anauza tu.

Ya korodani, yaani hiyo hafada, na ile ya kinenani pale shina la uume linapoanzia, ni za ngozi pia. Hizi husumbuliwa sana na jasho, nywele na nguo za kubana, na ile ya kinenani ina tabia ya kusukumwa na mwili polepole hadi itoke yenyewe. Ya govi inamhusu tu asiyetahiriwa. Kama una mpango wa kutahiriwa, tahiriwa kwanza, kovu likauke kabisa, ndipo urudi kwenye wazo hili. Tohara ya hospitali ina faida zake: tangu 2007 Shirika la Afya Duniani huipendekeza katika nchi zenye maambukizi mengi ya VVU, baada ya tafiti za Kisumu, Rakai na Orange Farm kuonyesha kwamba hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Kutoga hakukupi kinga yoyote. Kidonda kibichi cha kutoga hufungua mlango ambao tohara ilisaidia kuufunga.

Zinabaki ampalangi, inayopita kichwa cha uume kutoka ubavu hadi ubavu, na apadravia, inayopita kutoka juu hadi chini. Hizi hupenya nyama yenyewe inayojaa damu uume unaposimama. Hutoka damu nyingi, huuma siku nyingi, na kupona kwake ni miezi 6 hadi mwaka. Maoni yangu ni haya: asiwepo mtu anayeanza na hizi. Mafundi wanaozijua barabara ni wachache hata Ulaya na Marekani. Ukiambiwa na kijana mwenye kibanda cha kuchora tatuu kwamba anazifanya bila shida, ondoka.

Kabla hujamtafuta fundi, jikague mwenyewe. Mwenye kisukari kisichotulia hupona pole na hupata maambukizi upesi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye himofilia, anaweza kutokwa damu isiyokoma. Mwenye hitilafu ya valvu za moyo, ile ambayo kwetu mara nyingi huachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, anaweza kupata maambukizi ya moyo kutokana na kidonda kidogo tu. Mwenye sikoseli anajua jinsi uume unavyoweza kusimama kwa saa nyingi kwa maumivu bila kulala. Hapo si mahali pa kuongeza chuma. Anayeishi na VVU na anayetumia dawa vizuri hazuiwi, ila aongee kwanza na mtoa huduma wake wa kliniki na ajue wingi wa virusi alionao. Na mtu ambaye makovu yake huota nyama, yaani keloidi kwenye sikio, kifua au bega, ajue kwamba ngozi hiyohiyo ndiyo anayokwenda kuitoboa.

Kisha nenda ukapate chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika ratiba ya watoto Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata. Kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Kirusi hicho huweza kuishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka juu ya meza au kifaa. Homa ya ini aina ya C haina chanjo. Uliza pia kuhusu pepopunda, uone kama kinga yako imepitwa na wakati. Miezi hiyo ya kusubiri dozi haipotei bure. Ukifika mwezi wa sita bado una hamu ileile, basi kweli unataka.

Sasa fundi. Hapa ndipo ningekuomba usome taratibu.

Kwetu Afrika Mashariki masikio na pua hutogwa saluni, sokoni na kwenye maduka ya vipodozi, mara nyingi kwa bunduki ya plastiki inayopiga kipini kwa nguvu. Bunduki hiyo isikaribie uume wako kamwe. Haitoboi kwa kukata, inapasua nyama, na mwili wake wa plastiki hauwezi kutakaswa kwa joto. Kazi hii hufanywa kwa sindano yenye uwazi katikati, iliyofungwa kwenye pakiti yake, inayotumika mara moja na kutupwa mbele ya macho yako kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha.

Muulize anatakasaje vifaa. Jibu unalolitaka ni otoklevu, ule mtambo wa mvuke unaofika nyuzi joto 121 na kushikilia hapo dakika 15 hadi 30, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Akisema anachemsha sufuriani, anaweka kwenye Dettol, au anafuta kwa spiriti, hayo si kutakasa. Vijimbegu vya pepopunda hustahimili maji yanayochemka. Mwombe akuonyeshe pakiti yenye alama inayobadilika rangi ikishapita kwenye mvuke. Anayefanya kazi safi huwa anafurahi kuulizwa, atakufungulia kabati na kukuonyesha. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Muulize ametoga wanaume wangapi uume, na kwa aina gani. Muulize afanyeje damu isipokoma. Mwambie akuonyeshe picha za kazi zake zilizopona, maana picha ya siku ya kwanza kila mtu anayo. Chunguza kama anavaa glavu mpya kila anapogusa kitu kingine, hata simu. Katika mji wako huenda hayupo mtu wa namna hii. Hilo linawezekana sana, na kama ni hivyo, jibu ni kungoja hadi utakaposafiri, au kuacha. Kumwita rafiki mwenye mkono mwepesi aje chumbani na sindano ya duka la dawa, au kujitoboa mwenyewe kwa kuangalia video, ndiko kunakojaza wodi. Mrija wa mkojo ukichanika vibaya hupona kwa kovu linalobana njia, na hapo mtu huanza safari ya upasuaji isiyokwisha leo.

Pambo lenyewe usilinunue kwa bei. Taka titaniamu ya kiwango cha kupandikizwa mwilini, ambayo wauzaji huitaja kwa namba ASTM F136, au dhahabu ya karati 14 na zaidi isiyo na nikeli. Chuma cha pua cha bei rahisi na fedha ya sonara havifai kidonda kibichi: cha kwanza huweza kutoa nikeli inayowasha ngozi, ya pili huchakaa na kuacha doa jeusi ndani ya nyama. Unene nao una maana. Kipini cha sikio huwa karibu milimita moja. Uume huanzia milimita 2 au 2.4, kwa sababu chuma chembamba hukata nyama kama uzi unavyokata sabuni. Hesi za kufungia ziwe ndani ya kijiti, zisiwe nje zikakwaruza tundu zinapopita. Na urefu upimwe kwa uume uliosimama, pamoja na nafasi ya uvimbe.

Siku yenyewe kula vizuri, usinywe pombe, usimeze aspirini. Oga, vaa chupi safi isiyobana, chukua na nyingine. Ukitaka dawa ya ganzi, ile ya kupaka inaweza kusaidia kidogo juu ya ngozi. Ya sindano ni kazi ya daktari peke yake, na fundi anayekuchoma ganzi amevuka mpaka wake. Damu itatoka. Prince Albert huweza kudondosha damu siku 2 au 3, hasa ukikojoa au uume ukisimama, na kitambaa safi cha gozi kilichofungwa kwa kondomu iliyolegea usiku hulinda shuka. Mkojo wa mara ya kwanza utachoma kama pilipili. Kunywa maji mengi ili usiwe mkali.

Usiku ndio mgumu. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara kadhaa akiwa usingizini, hana uwezo wa kujizuia, na wiki ya kwanza ataamshwa na maumivu. Si dalili mbaya. Kojoa kabla ya kulala, weka kitambaa chenye maji baridi karibu, na uvumilie.

Usafi ni mwepesi, na ndiyo sababu watu huuharibu kwa kuzidisha. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa, kila mara, bila kusahau. Mwagia maji safi ya chumvi yale ya hospitali, yenye asilimia 0.9, mara mbili kwa siku, yaliyofunguliwa siku hiyohiyo. Kama hayapatikani, chemsha maji, uyaache yapoe, na katika kikombe kimoja weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Kukoleza chumvi hukausha na kuchoma nyama changa. Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi, majivu, mafuta ya karafuu, dawa ya meno: vyote viache. Usizungushe pambo ili lisigande. Imani hiyo ya zamani huchana ngozi mpya kila inapojaribu kuota. Usaha mweupe au wa manjano hafifu unaokauka kuwa gamba ni wa kawaida. Uloweke, uutoe kwa gozi, usiubandue kwa kucha. Bahari, mto na bwawa la kuogelea vikae mbali mpaka kidonda kifunge.

Kuhusu tendo la ndoa sina la kulainisha. Mpaka kidonda kipone, hakuna. Kidonda kibichi hupokea na hutoa maambukizi, VVU vikiwemo, na mate ya mdomoni yana vijidudu vyake hata kwa mtu mliyepima naye pamoja. Baada ya kupona, anzeni taratibu, kwa kondomu pana kidogo mbele na tone la kilainishi cha maji ndani na nje. Vaselini na mafuta ya nazi huozesha mpira. Kondomu ikipasuka mara mbili, tatizo ni umbo la pambo. Libadili. Na mwenzi wako ashirikishwe kabla ya siku ya sindano. Huo ni mwili atakaokutana nao, meno yake na uke wake ndivyo vitakavyogongwa na chuma, na miezi ya kusubiri ni yake pia. Mwislamu atataka kumuuliza sheikh wake anayemwamini kuhusu kubadili maumbile na kuhusu maji ya josho kufika yanapotakiwa. Maswali hayo huulizwa kabla, maana jibu la baada ya tundu halina kazi.

Zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja asubuhi. Damu isiyokoma ukibana kwa nguvu dakika 15. Mkojo kukataa kutoka. Uume uliosimama zaidi ya saa 4. Govi lililokwama nyuma ya kichwa likavimba. Usaha wa kijani unaonuka, wekundu au weusi unaosambaa, homa na kutetemeka. Na maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, hasa yakishuka korodanini au msambani: hayo nenda nayo usiku huohuo, hata kwa bodaboda, kwa sababu kuna maambukizi ya sehemu hizo yanayokula nyama kwa saa, si kwa siku. Usilitoe pambo mwenyewe kukiwa na usaha. Tundu hujifunga na kuufungia ndani. Mwachie daktari aamue. Na kama umegundua, au hata umeshuku, kwamba sindano ilikuwa imetumika kwa mtu mwingine, nenda kituo cha afya uombe dawa za kinga dhidi ya VVU, ziitwazo PEP. Zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha zimezwe siku 28 bila kuruka.

Ukifika, sema. Usiseme umejikwaruza na zipu. Muuguzi wa zamu ameona mengi, na dakika ishirini atakazopoteza akitafuta zipu ambayo haikuwepo ni zako. Taja ulitogwa lini, wapi, kwa kitu gani, na umepaka nini tangu hapo. Hata miaka baadaye, kidonda kikiwa kimesahaulika, uendeleze tabia hiyo. Ukienda kupigwa picha ya MRI, kufanyiwa upasuaji au kuwekewa mpira wa mkojo, mwambie mhudumu mapema kwamba kuna pambo, na uwe unajua kulifungua kwa mkono wako mwenyewe. Mwenye Prince Albert amwonyeshe pia tundu la pili liliko, ili mpira usije ukatokea huko. Kila wiki ukiwa unaoga, kaza vifundo vya pambo kwa vidole viwili. Hulegea bila kelele, na cha kwanza kuanguka huenda na maji. Weka cha akiba kabatini.